Shajara ya mradi: seli za neva na seli za homoni katika tumbo la kondoo kabla hajazaliwa

Januari

Mradi umeanza, na shajara hii itaandikwa kila panapokuwa na jambo la kuandika. Swali tulilojipa ni hili: kabla mwana-kondoo hajazaliwa, seli za neva na seli za homoni zinafika lini kwenye kuta za tumbo lake, zinakaa tabaka gani, na vyumba vinne vya tumbo vinagawana vipi seli hizo?

Asiyewahi kulipasua tumbo la mnyama anayecheua anahitaji ramani kwanza. Vyumba vitatu vya mbele ni rumeni, retikulamu na omasamu. Ndani vimefunikwa na epithelia (utando wa seli unaofunika uso) ya matabaka mengi, inayofanana na ya umio, wala havina tezi. Chumba cha nne, abomasamu, ndicho chenye tezi, asidi na vimeng'enya. Hicho ndicho kinacholingana na tumbo la binadamu au la mbwa. Zamani ilidhaniwa kwamba vyumba vya mbele ni umio uliopanuka, lakini uchunguzi wa viinitete ulionyesha kuwa vyote vinne vinachipuka kutoka kwenye chanzo kimoja cha tumbo.

Kinachonivuta kwenye swali hili ni kwamba mwana-kondoo huzaliwa akiwa, kimatumizi, mnyama wa tumbo moja. Anaponyonya, kingo za mfereji wa retikulamu hujikunja na kufunga, maziwa yakavuka vyumba vya mbele na kushukia kwenye abomasamu. Rumeni haina kazi kubwa mpaka aanze kutafuna majani, wiki kadhaa baadaye. Lakini ikishaanza kazi haina mapumziko: hujikunja takriban mara moja kwa dakika maisha yote, huchanganya majani na vijidudu vinavyoyachachusha, na kusukuma gesi itoke kwa kubeuliwa. Gesi isipotoka, tumbo huvimba na mnyama anaweza kufa kwa muda mfupi. Sasa chumba ambacho hakitatumika siku ya kuzaliwa kinaandaliwa lini? Mapema pamoja na vingine, au kinasubiri zamu yake?

Hatuanzi kwenye uwanja mtupu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Extremadura nchini Hispania wamechapisha maelezo marefu ya jinsi vyumba hivi vinavyokua kwa kondoo, mbuzi na paa mwekundu, wakitumia kingamwili (protini zinazonata kwenye alama ya seli fulani ili ipakwe rangi) za seli za neva na za glia, yaani seli wasaidizi wa neva. Kazi zao zipo mezani kwetu. Tunachotaka kuongeza ni kuzitazama familia mbili za seli, za neva na za homoni, kwenye kipande kilekile cha tishu.

Februari

Sampuli zimeanza kuingia. Hatuchinji mnyama yeyote kwa ajili ya mradi. Tunachukua vijusi pale tu kondoo jike aliyepelekwa machinjioni kwa sababu nyingine anapokutwa na mimba, na daktari wa mifugo aliye zamu ndiye anayetoa idhini. Kwa hiyo tarehe ya kupandwa hatuijui, na umri unabidi ukadiriwe.

Tunapima urefu kutoka utosini hadi kwenye shina la mkia, tukifuata mgongo. Kanuni inayotumika sana kwa kondoo na mbuzi ni kuchukua urefu huo kwa sentimita, kuongeza 17, kisha kuzidisha kwa 2.1, jibu ni umri kwa siku. Kijusi cha sentimita 10 kinakadiriwa kuwa cha siku 57, cha sentimita 30 karibu siku 99. Mimba ya kondoo huchukua takriban siku 147 hadi 150, hivyo kipimo hiki kinatosha kupanga vijusi kwenye makundi. Hakitoshi kumwambia mtu siku kamili, na ndiyo maana kwenye daftari tunaandika urefu uliopimwa mbele ya umri uliokadiriwa. Atakayekuja baada yetu na kanuni bora zaidi ataweza kukokotoa upya.

Haraka ni muhimu kwenye vijusi vikubwa. Ukuta wa abomasamu huharibika upesi baada ya damu kusimama, na kinachotangulia kumomonyoka ni utando wa ndani, palepale zilipo seli za homoni. Tunafungua tumbo kando ya mkunjo wake mkubwa, tunasuuza kwa maji ya chumvi yaliyopoa, tunalibana kwa pini juu ya ubao wa nta ili lisijikunje, kisha linaingia kwenye fomalini ya asilimia 10. Vijusi vidogo kabisa havipasuliwi. Kifua na tumbo vinaingia vizima, kwa sababu ukijaribu kuutenganisha mrija mwembamba kiasi hicho utauvuruga mpangilio wote unaoutafuta.

Machi

Vipande vya kwanza vimekatwa kwa unene wa mikromita 5 na kupakwa rangi za kawaida za maabara, hematoksilini na eosini. Hapa hakuna jipya sana, ila ni lazima mtu ayajue majengo kabla ya kuwatafuta wakazi. Karibu siku ya 33 rumeni ya kondoo huanza kutambulika kama chumba chake. Katika vijusi vyetu vidogo ukuta una tabaka la epithelia, tishu unganishi changa isiyo na mpangilio, na mkanda wa misuli ya mviringo unaoanza kujipanga. Misuli ya urefu, ile ya nje, hufuata baadaye.

Epithelia ya rumeni ilitushangaza kwa unene wake. Ni safu juu ya safu za seli nyeupe zilizojaa glaikojeni, akiba ya sukari, na rangi ya PAS inazipaka waridi iliyokolea kabisa. Vinyweleo vya rumeni, vile ambavyo kwa mnyama mkubwa hufyonza mazao ya uchachushaji, vinaanza kama mawimbi madogo ya tishu unganishi yanayoingia ndani ya unene huo kutoka chini.

Jambo la kukumbuka kwa ajili ya baadaye: ukubwa wa vyumba haukui kwa uwiano mmoja. Rumeni hutangulia kuwa kubwa katikati ya mimba, kisha abomasamu huipita kadiri kuzaliwa kunavyokaribia. Kwa ndama anayezaliwa, abomasamu peke yake inachukua zaidi ya nusu ya ujazo wa tumbo. Kwa ng'ombe mkubwa, rumeni inachukua takriban asilimia 80. Kwa hiyo mtu akihesabu seli kwa kila milimita ya ukuta, lazima aangalie pia ukuta wenyewe unatanuka kwa kasi gani. Idadi ile ile ya vifundo vya neva, yaani mafungu ya seli za neva, kwenye ukuta uliotanuka mara mbili itaonekana kama imepungua nusu, ilhali hakuna kilichopotea.

Aprili

Mwezi wa neva, na mpaka sasa ndio mwezi ulionipa furaha kubwa.

Tulianza na kingamwili ya PGP 9.5, protini iliyojaa ndani ya seli za neva. Kipande kilitoka kwenye rumeni ya kijusi kidogo kuliko vyote tulivyonavyo. Kwa ukuzaji wa chini ilionekana duara ya kahawia iliyokatikakatika, imeuzunguka mrija kwa nje ya misuli ya mviringo. Nilipoikuza, kila kikatiko kilikuwa kikundi kidogo cha seli zenye kiini kikubwa kilichopauka na utegili (umajimaji unaokizunguka kiini) mchache sana, zimebanana, hazina bado umbo la neva tunalolizoea kwa mnyama mkubwa. Kutoka kwenye vikundi hivyo nyuzi nyembamba zinapenya katikati ya seli za misuli. Misuli ya urefu ilikuwa haijajipanga vizuri upande wa nje, lakini neva zilikuwa zimeshashika nafasi zao.

Seli hizi hazikuzaliwa tumboni. Zinatoka kwenye kishungi cha neva, yaani ukingo wa juu wa mrija ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo. Sehemu ya kishungi iliyo nyuma kidogo ya kichwa, sambamba na somaiti (vipande vya tishu vilivyopangana kando ya mrija huo) 1 hadi 7, ndiyo inayotoa seli zinazoingia kwenye utumbo wa mbele na kusafiri kuelekea nyuma. Tunayajua haya kutokana na kazi ya Nicole Le Douarin na Marie-Aimée Teillet ya mwaka 1973. Walipandikiza vipande vya mrija wa neva wa kware ndani ya kiinitete cha kuku. Kiini cha seli ya kware kina bonge la kromatini (dutu inayobeba jeni) linalopokea rangi kwa nguvu, na cha kuku hakina. Hivyo kila seli iliyohama iliweza kufuatwa hadi ilipotua. Nawapenda sana wale waliowaza hivi. Hawakuwa na kingamwili tulizo nazo leo, ila walikuwa na alama ambayo haiwezi kufutika wala kuhamia kwa seli jirani.

Kwa panya, safari hii inaongozwa na ishara zinazojulikana vizuri. Ukuta wa utumbo hutoa protini ya GDNF, na seli zinazosafiri zina kipokezi cha RET. Mwaka 1996 maabara kadhaa zilionyesha kwamba panya asiye na GDNF huzaliwa bila neva za utumbo. Kwetu sisi linalogusa zaidi ni kwamba hali hiyo haikulikumba tumbo kwa kiwango kilekile. Neva kadhaa za tumbo hubaki. Sehemu ya juu ya njia ya chakula ina utaratibu wake, na jeni nyingine, ASCL1, ina uzito mkubwa zaidi kwenye umio na mwanzo wa tumbo. Kwa mnyama ambaye tumbo lake ndilo kiwanda chenyewe, tofauti hii ni ya kutiliwa maanani.

Kuna mfano mmoja wa mifugo ambao huwa nawaeleza wanafunzi. Farasi mwenye nakala mbili za badiliko fulani kwenye jeni ya EDNRB huzaliwa mweupe, halafu hufa ndani ya siku chache kwa sababu utumbo wake mpana hauna vifundo vya neva na hausukumi kitu. Weupe na kufunga kwa utumbo vina asili moja: seli za rangi ya ngozi na seli za neva za utumbo zote hutoka kwenye kishungi cha neva.

Turudi kwa kondoo. Tulipopanda umri, vikundi viligeuka kuwa vifundo kamili. Seli kubwa zenye kiini cha duara na nukta ya kiini inayoonekana waziwazi, zimezungukwa na seli ndogo zinazopokea kingamwili ya S100, yaani glia. GFAP, alama nyingine ya glia, ilikuwa dhaifu kwenye vijusi vidogo na ikaimarika kwa vikubwa. Mtandao huu ulio kati ya matabaka mawili ya misuli ndio ule ulioelezwa na Auerbach katika karne ya 19.

Mtandao wa pili, ule wa Meissner ulio chini ya utando wa ndani, ulitupa picha ya kutafakari. Kwenye abomasamu ya vijusi vikubwa upo, vifundo vyake ni vidogo lakini vinaonekana. Kwenye rumeni tulipitia slaidi hadi macho yakauma, tukapata nyuzi nyingi na vifundo vichache mno. Hili linakubaliana na linalojulikana kwa kondoo mkubwa. Kwa wanyama wengi, seli za mtandao wa Meissner ni zile zilizohama kutoka mtandao wa Auerbach zikaingia ndani zaidi. Kwenye vyumba vya mbele ni chache sana zinazokwenda hatua hiyo ya pili. Tafsiri yangu ni kwamba mtandao wa Meissner kazi yake kubwa ni tezi, umajimaji na mishipa ya damu ya utando. Rumeni haina tezi. Ina misuli mingi ya kupangiwa kazi, na mtandao wa Auerbach ndio unaohusika na misuli.

Mei

Mwezi mfupi. Slaidi za vijusi vidogo zilikuwa zinachafuka kwa nukta za kahawia kila mahali. Chanzo ni chembe nyekundu za damu: za kijusi kichanga nyingi bado zina kiini, na zina kimeng'enya chao kinachoichoma DAB, rangi yetu ya kahawia inayoonyesha kingamwili iliponata, hata bila kingamwili yoyote. Tumeongeza muda wa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kabla ya kingamwili, na kwenye kila kundi tunaweka slaidi isiyo na kingamwili ya kwanza. Nukta inayoonekana kwenye slaidi hiyo haihesabiwi popote.

Kuchemsha vipande kwenye sitreti yenye pH 6 kunafaa kwa kingamwili zote tulizo nazo, isipokuwa tishu za vijusi vidogo huelekea kunyanyuka kwenye kioo. Fundi wetu wa maabara amebadilisha vioo, akaleta vyenye gundi ya umeme chanya. Sasa vinashika.

Juni

Sasa seli za homoni. Hapa ndipo mradi unapokuwa mgumu, na ndipo ulipo moyo wake.

Seli hizi ni chache, zimetawanyika moja moja kwenye epithelia ya abomasamu, na kwa rangi za kawaida huzioni. Kila aina ina homoni yake. Seli za G hutoa gastrini, inayochochea asidi, na makao yake ni upande wa pailorasi, mlango wa kutokea tumboni. Seli za D hutoa somatostatini, inayozuia asidi na kuizuia gastrini yenyewe. Kuna zinazotoa serotonini, zinazotoa histamini, na zinazotoa grelini, homoni ya njaa iliyogunduliwa kwenye tumbo la panya mwaka 1999. Ili kuzipata zote kwa pamoja tunatumia kromogranini A, protini iliyomo kwenye vifuko vya homoni, na sinaptofizini, iliyomo kwenye vifuko vidogo. Tuna pia rangi ya fedha ya Grimelius, ya zamani lakini ya kuaminika.

Tatizo ni kwamba alama hizi hazichagui ukoo. Sinaptofizini inapaka seli ya homoni na inapaka ncha ya neva. PGP 9.5 ni ya neva, lakini seli kadhaa za homoni huipokea. Kromogranini A ni ya homoni, lakini baadhi ya neva pia zinayo. Familia hizi mbili zina vifaa vinavyofanana: vifuko, protini za kuvifungua, na tabia ya kutoa ujumbe wa kemikali zikiguswa. Ndiyo maana katika miaka ya 1960 A. G. E. Pearse alipoziweka seli hizi kwenye kundi moja alilolipa jina APUD, alipendekeza kwamba zote zimetoka kwenye kishungi cha neva. Pendekezo lake lilikuwa na msingi, kwani kiini cha tezi ya adrenali kweli kinatoka huko. Lakini majaribio ya kware na kuku yaliamua suala la utumbo: neva zilikuwa na alama ya kware, seli za homoni za epithelia hazikuwa nayo. Seli za homoni za tumbo ni wenyeji, zimetokana na endodemu, tabaka la ndani la kiinitete, ileile iliyozaa seli za asidi na za ute.

Kwa panya, kipi kinaifanya seli ya endodemu igeuke kuwa ya homoni kinajulikana kwa kiasi kizuri. Kazi ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba panya asiye na jeni ya neurojenini 3 hana tumboni seli za gastrini, za somatostatini wala za glukagoni, ilhali za serotonini, histamini na grelini bado zipo. Kwa hiyo hata ndani ya familia hii kuna njia zaidi ya moja ya kuzaliwa. Jina la jeni hiyo limetokana na kazi yake kwenye neva, na kwenye tumbo inazaa seli za homoni. Mwili umetumia chombo kimoja katika koo mbili, na sisi tunaotazama slaidi ndio tunaolipa gharama ya kutenganisha.

Njia yetu ya kutenganisha ni ya kizamani: utando wa msingi. PAS inauonyesha kama mstari mwembamba wa waridi chini ya epithelia. Seli ya homoni ipo ndani ya mstari, imekaa katikati ya majirani zake wa epithelia. Uzi wa neva upo nje. Shida inakuja pale uzi wa neva unapopita ukigusa tezi na kisu kikaukata kwa upana: unabaki kama doa la duara la kahawia lililobandikwa kwenye ukuta wa tezi, na kwa ukuzaji wa kati utaapa ni seli. Mwenzangu alizungushia alama doa moja la namna hiyo, akaniita. "Hebu tazama kiini," akasema. Hakikuwepo. Sheria tuliyoiandika ukutani ni kwamba bila kiini kinachoonekana ndani ya doa, halihesabiwi. Na likiwa na kiini, lazima tuufuate mstari wa waridi upande wa chini yake.

Zikishapita mtihani huo, seli zenyewe ni nzuri kutazama. Nyingi za upande wa pailorasi zina umbo la chupa: sehemu ya chini pana, imejaa chembe za kahawia zilizosukumwa kuelekea utando wa msingi, na shingo nyembamba inayopanda kati ya seli za ute hadi kugusa uwazi wa tezi. Kwa shingo hiyo seli inaonja kilichomo tumboni, na homoni inaitoa kwa chini, kwenye damu. Zile za eneo la tezi za asidi nyingi hazina shingo. Zimefungiwa chini, hazifiki kwenye uwazi, na zinasikiliza damu, neva na majirani tu.

Katika vipande vyetu, seli za kwanza za uhakika zilikuwa upande wa pailorasi, pale mashimo ya tezi yalipoanza kuchimbika. Kwenye umri huohuo, mtandao wa Auerbach wa chumba hichohicho ulikuwa umeshapevuka vya kutosha kuwa na glia. Neva zilitangulia kwa umbali mkubwa.

Julai

Mwezi huu tumerudi kwenye rumeni kwa sababu ya seli zinazosumbua. Ndani ya epithelia nene ya vyumba vya mbele, kwenye safu ya chini kabisa, kuna seli moja moja zinazopokea sinaptofizini. Zina kiini. Zipo juu ya mstari wa waridi. Kwa sheria yetu ya ukutani, zimefaulu.

Seli za neva na homoni kwenye epithelia ya vyumba vya mbele zimekwisha kuripotiwa kwa wanyama wanaocheua, kwa hiyo kuziona si ajabu. Ninachokataa ni kuziita seli za homoni za tumbo moja kwa moja, kana kwamba ni dada wa seli za G. Epithelia ya matabaka mengi, kwenye ngozi na kinywani, ina seli za Merkel. Hizo nazo hukaa safu ya chini, nazo hupokea sinaptofizini na kromogranini, na kazi yake ni hisia ya mguso kwa kushirikiana na ncha ya neva. Rumeni ni chumba chenye hisia kali ya mguso: majani makavu yanapokwaruza ukuta karibu na retikulamu, kucheua huanza.

Kwa hiyo vipimo vitatu vinafuata kwa kila seli ya aina hii. Kwanza, vipande vya jirani vinapakwa gastrini, somatostatini na serotonini, kuona kama ina homoni yoyote inayotajika. Pili, keratini 20, ambayo ni alama ya seli za Merkel. Tatu, PGP 9.5 kutafuta uzi wa neva unaoifikia kwa chini. Mpaka seli ipitie vyote vitatu, kwenye jedwali inaandikwa "seli yenye sinaptofizini, safu ya chini", basi. Jina refu namna hiyo linachosha kuandika, ila linasema kile tu tulichokiona.

Agosti

Vijusi vikubwa, vilivyopita siku ya 120. Abomasamu sasa ina mikunjo mirefu, tezi zilizochimbika vizuri na seli za homoni kwenye kila eneo. Neva za vyumba vyote vinne zinaonekana zimekamilika kwa umbo. Rumeni ambayo haijawahi kuona jani ina vifundo vyenye seli kubwa, glia zake, nyuzi ndani ya matabaka yote mawili ya misuli, na kwenye omasamu nyuzi zimefuata misuli hadi ndani ya mikunjo mirefu.

Jibu la swali la Januari linaanza kujionyesha. Neva hazikusubiri matumizi. Zimepandwa mapema kwenye vyumba vyote, kwa sababu seli za kishungi zinapita wakati tumbo ni mrija mdogo, na ukishakuwa mfuko mkubwa safari isingewezekana tena. Ukuta unatanuka ukiwa tayari na neva zake ndani. Seli za homoni, kwa kuwa zinazaliwa palepale na epithelia inazizalisha upya maisha yote, zinaweza kuchelewa na kuongezeka kadiri tezi zinavyoongezeka. Kwa chumba kisicho na tezi, nafasi yake ni finyu tangu mwanzo.

Inasaidia pia kuelewa siku ya kuzaliwa. Kondo la nyuma la kondoo haliruhusu kingamwili za mama kupita, kwa hiyo mwana-kondoo huzaliwa bila kinga na kuitegemea dang'a katika saa 24 za kwanza hivi, kabla utumbo haujafunga mlango kwa protini nzima. Abomasamu yenye asidi kali siku hiyo ingeziharibu kingamwili hizo. Yenye uvivu wa kupindukia nayo isingegandisha maziwa. Mizani kati ya gastrini na somatostatini lazima iwe imeshawekwa kabla ya pumzi ya kwanza, na mfereji wa retikulamu lazima ujue kufunga mara tu anapoanza kunyonya. Huo ni mzunguko wa neva: hisia kutoka kinywani na kooni, kwenda kwenye shina la ubongo, kurudi kwa neva ya vagasi hadi kwenye misuli ya kingo.

Mwishoni mwa mimba kotisoli ya kijusi hupanda kwa kasi. Graham Liggins alionyesha miaka ya 1960 huko New Zealand kwamba kwa kondoo ndiyo inayoanzisha kuzaa, na inajulikana kuwa inapevusha mapafu na njia ya chakula pia. Vijusi vyetu vya wakati huo ni vichache kuliko ninavyotaka, maana kondoo mwenye mimba kubwa hufikishwa machinjioni kwa nadra, na ni vyema iwe hivyo.

Septemba

Hesabu ya vifundo vya neva inarudiwa na mtu wa pili asiyeambiwa umri wa kijusi. Vipande vya keratini 20 vya seli za rumeni vimekatwa, vimepangwa kwenye kisanduku, na kingamwili imefika.

Tumeongeza pia kazi moja ambayo haikuwa kwenye mpango: kuchuna tabaka za misuli za rumeni na retikulamu ya vijusi vya wastani na kuupaka mtandao mzima ukiwa umelala bapa, kwa kingamwili ya HuC/D, inayopaka miili ya seli za neva bila kupaka nyuzi. Kipande cha mikromita 5 kinakuonyesha kifundo kimoja na ukingo wa jirani yake. Bapa litaonyesha umbali kati ya vifundo, na kama kingo za mfereji wa retikulamu zina vifundo vilivyosongamana kuliko ukuta unaozizunguka. Kwenye vipande vya kawaida naona dalili hiyo kwa vijusi vilivyopita katikati ya mimba. Tabaka la kwanza limechunika bila kuchanika, liko kwenye kingamwili kwa nyuzi 4 hadi kesho asubuhi.